Nitatambuaje toleo la Spitfire, na la ndege nyingine za Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa bado iko angani?

Mkazi wa Sawston

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Makazi yangu yako kusini mwa Cambridge, jirani na Duxford, uwanja uliokuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza na ambao sasa ni makumbusho, na katika miezi ya joto ndege za kivita za miaka ya 1930 na 1940 hupita juu ya mtaa wetu mara kwa mara. Kuitambua Spitfire kwa jumla hakunisumbui tena, kwa kuwa bawa lake la umbo la yai halifanani na la ndege nyingine yoyote ninayoiona hapa. Kinachonisumbua ni matoleo yake. Vitabu vinaeleza kwamba zilijengwa zaidi ya 20,000, na kwamba matoleo yalipewa namba kuanzia Mk I hadi 24, lakini vitabu hivyo huonyesha michoro iliyotulia juu ya karatasi, ilhali mimi huwa na sekunde chache tu kabla ndege haijapotea nyuma ya miti.

Jumamosi iliyopita nilipiga picha ndege tatu zilizopita kwa kufuatana. Ya kwanza ilikuwa Spitfire yenye kisanduku chini ya bawa moja, na chini ya bawa la pili ilikuwa na kitu chembamba zaidi, mfano wa bomba. Ya pili, iliyopakwa rangi zilezile za kijani na kijivu, ilikuwa na visanduku viwili vinavyolingana, na ncha za mabawa yake zilikuwa butu, kana kwamba zimekatwa kwa msumeno. Ya tatu ilikuwa na misalaba meusi ya Kijerumani, nami ningeiita Messerschmitt Bf 109 bila wasiwasi, isipokuwa kwamba kidevu chake kilikuwa kinene mno na haikufanana na michoro niliyo nayo.

Mzee mmoja aliyesimama karibu nami alisema kwa uhakika kwamba mabawa yaliyokatwa ncha ni alama ya Mk XVI. Je, alama hiyo inatosha? Na kwa jumla, jicho la mtazamaji aliye chini lianzie wapi?

Fundi Anga

Ndugu, umekwisha kuona alama iliyo bora kuliko zote, ingawa hukuipa jina: tazama tumbo la ndege kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Rangi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, namba za ubavuni mara nyingine huwa za ndege nyingine iliyokufa zamani, lakini rejeta, yaani kile kisanduku cha kupoza injini ulichokiona chini ya bawa, haihamishwi kirahisi, kwa sababu mahali na ukubwa wake viliamuliwa na injini iliyomo ndani.

Spitfire za mwanzo, yaani Mk I, Mk II na Mk V, zilitumia injini ya Rolls-Royce Merlin yenye supachaja (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) ya hatua moja. Injini hiyo ilihitaji rejeta moja ya maji, ambayo iliwekwa chini ya bawa la kulia la rubani, pamoja na kipoza oili chembamba chini ya bawa la kushoto. Ndiyo sababu tumbo la ndege hizo halina ulinganifu. Ilipofika mwaka 1942, Rolls-Royce walikuwa wametengeneza Merlin 61, yenye supachaja ya hatua mbili ambayo hushindilia hewa mara mbili ili injini ipumue vizuri katika anga la juu lenye hewa nyepesi. Hewa iliyoshindiliwa namna hiyo hupata joto kali, na lazima ipozwe kabla ya kuingia kwenye silinda, kwa hiyo mahitaji ya kupoza yaliongezeka na nafasi ya rejeta moja haikutosha tena. Wakaweka visanduku viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja chini ya kila bawa. Spitfire yenye Merlin na visanduku viwili vinavyolingana ni Mk IX au ndugu zake wa karibu, nao ni Mk VII, Mk VIII, Mk XVI na ile ya upelelezi wa picha iitwayo PR XI.

Jambo moja la kuzingatia ni upande uliosimama wewe. Ndege ikipita juu yako huku ikikuacha, mkono wa kulia wa rubani uko upande wa mkono wako wa kulia. Ikija kukukabili, mambo hugeuka. Wengi huandika kwamba wameona rejeta upande wa kushoto kwa sababu hawakuzingatia hilo.

Baada ya tumbo, hesabu mapanga ya rafadha, ile feni inayozunguka puani. Mk I za kwanza kabisa zilitoka kiwandani na rafadha ya mbao yenye mapanga mawili, lakini zile zinazoruka leo zina mapanga matatu, sawa na Mk II na Mk V. Familia ya Mk IX ina manne. Mk XIV na PR XIX, zenye injini kubwa zaidi iitwayo Griffon, zina matano. Alama hizi mbili kwa pamoja, tumbo na rafadha, zitakupa familia ya karibu kila Spitfire unayoweza kukutana nayo Uingereza.

Kwa picha yako ya kwanza, basi, tuko kwenye Mk I, II au V. Ili kuzitenganisha, tazama ukingo wa mbele wa bawa. Mk I nyingi pamoja na Mk IIa zilibeba bunduki nane ndogo za Browning ambazo midomo yake imo ndani ya bawa, na mara nyingi matundu yake hufunikwa kwa vipande vya kitambaa chekundu. Kutoka chini bawa huonekana limenyooka bila kitu kilichochomoza. Mk Vb na Vc zina mizinga ya Hispano ya milimita 20, na mtutu wake mrefu huchomoza mbele ya bawa waziwazi. Mk II ina alama yake ya pekee, nayo ni kivimbe kidogo kwenye boneti, upande wa kulia, nyuma tu ya koni ya rafadha, kilichofunika kiwashio cha injini kilichotumia fataki. Kivimbe hicho ni kigumu kukiona bila darubini, lakini kwenye picha nzuri ya ubavuni hujitokeza.

Duxford kuna mfano mzuri wa kufundishia macho: N3200, ambayo ni Mk Ia halisi. Iliruka kutoka uwanja huohuo ikiwa na Kikosi cha 19 chini ya Geoffrey Stephenson, ikaangushwa wakati wa mapigano ya Dunkirk mwezi Mei 1940, ikazama katika mchanga wa pwani ya Ufaransa kwa zaidi ya miaka 40, kisha ikafukuliwa, ikajengwa upya na kuruka tena mwaka 2014. Ukiipata angani, itazame sana tumbo lake, kisha subiri Mk IX yoyote ipite. Tofauti hiyo haitakutoka tena kichwani.

Mpigapicha wa Lincoln

Nakubaliana na Fundi Anga juu ya tumbo. Ningependa kulijibu swali la ncha za mabawa, kwa sababu kauli ya yule mzee nimeisikia kwenye kila uwanja niliokwenda, nayo huwapoteza wengi.

Ncha za bawa la Spitfire ni vipande vinavyofunguliwa. Fundi anaweza kuiondoa ncha ya mviringo na kufunga kifuniko kifupi mahali pake, na wakati wa vita jambo hilo lilifanywa ili ndege ibiringike haraka zaidi katika mapigano ya anga la chini, hasa baada ya Focke-Wulf Fw 190 ya Wajerumani kudhihirisha kwamba iliweza kugeuka ubavu upesi kuliko Spitfire. Kwa hiyo ziko Mk V zilizokatwa ncha, ziko Mk IX zilizokatwa ncha, ziko Mk XVI zilizokatwa ncha, na Mk XII karibu zote zilikuwa hivyo. Kinyume chake, matoleo ya anga la juu sana, Mk VI na Mk VII, yaliongezewa ncha ndefu zilizochongoka. Ndege ileile inayoruka leo ikiwa na ncha butu inaweza kurudi mwakani ikiwa na ncha za mviringo kwa sababu mmiliki ameamua kuonyesha kipindi kingine cha historia yake. Ncha zinakuambia jinsi ndege ilivyovishwa msimu huu. Toleo lake hazilitaji.

Hali ni hiyohiyo kwa usukani wa mkia. Mk IX za mwanzo zilikuwa na usukani wa mviringo, za baadaye zikapewa ule mpana uliochongoka juu, na zote ni Mk IX.

Mgongo ndio wenye ushahidi mzito zaidi kidogo. Mk XVI nyingi zilizojengwa mwishoni mwa vita zilipunguzwa mgongo nyuma ya rubani na kupewa kifuniko cha kioo chenye umbo la tone la maji, ili rubani aone nyuma bila kizuizi. TE311, mojawapo ya ndege za kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga kilichopo Coningsby, hapa Lincolnshire, ina umbo hilo. Hata hivyo kuna Mk IX chache zilizotengenezwa hivyo, na kuna Mk XVI nyingi zenye mgongo wa juu wa kawaida, kwa hiyo mgongo huongeza uwezekano bila kuthibitisha. Ukweli ni kwamba Mk IX na Mk XVI ni ndege moja yenye injini kutoka viwanda viwili: Mk IX ilipewa Merlin iliyotengenezwa Uingereza, na Mk XVI ilipewa Merlin 266 iliyotengenezwa Marekani na Packard. Mtu aliye chini hawezi kuona kibandiko cha kiwanda kilicho ndani ya boneti. Ndege yako ya pili iandike kuwa ni ya familia ya Mk IX, kisha utafute namba yake.

Kuhusu upigaji picha, nina ombi moja. Usihesabu mapanga ya rafadha kwa video ya simu. Kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na panga linalozunguka huwa limekwisha hama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, ndiyo maana mapanga huonekana yamepinda kama mundu, au yanaongezeka, au yanaelea mbali na pua. Tumia kamera ya kweli. Sisi wapigapicha wa ndege hupendelea kasi ndogo ya shata, kama 1/160 ya sekunde, ili rafadha ionekane ikizunguka, lakini mtu anayetaka kutambua toleo anahitaji kinyume chake: panda hadi 1/1000 au zaidi, mapanga yasimame, uyahesabu. Picha hiyo haitavutia ukutani, ila itakupa jibu. Na kama jua liko nyuma ya ndege, ongeza mwanga wa picha makusudi, uache anga liungue, kwa sababu maelezo yote unayoyahitaji yako kwenye kivuli cha tumbo.

Mwanahistoria

Ndege ya tatu ya ndugu yetu inastahili maelezo yake, kwa sababu ni ndege yenye asili ya Kijerumani ambayo ndani yake mna injini ya Kiingereza. Kwa maelezo uliyotoa, naamini kabisa kwamba uliona Hispano HA-1112, maarufu kwa jina la Buchón.

Wakati wa vita, Hispania ilipata kibali cha kujenga Bf 109G na kuahidiwa injini za Daimler-Benz, lakini Ujerumani iliyokuwa ikizidiwa haikuweza kuzituma. Wahispania walijaribu injini nyingine, na mwishowe, katikati ya miaka ya 1950, wakafunga Rolls-Royce Merlin, injini ileile iliyokuwa imeiendesha Spitfire dhidi ya Messerschmitt. Ndege hizo zilitumika katika jeshi la Hispania hadi mwaka 1965. Muda mfupi baadaye nyingi zilinunuliwa na kupakwa rangi za Kijerumani kwa ajili ya filamu kubwa ya vita iliyotoka mwaka 1969, na kwa sababu hiyo zilinusurika kwa wingi kuliko Bf 109 zenye injini yake ya asili, ambazo zinazoruka leo ni chache sana. Mtu akiona misalaba meusi angani Uingereza, kwanza aifikirie Buchón.

Alama ya kuzitenganisha iko kwenye mabomba ya moshi. Injini ya Daimler-Benz ilifungwa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini, na kwa hiyo mabomba yake ya moshi hutokea chini kabisa ya pua, karibu na usawa wa bawa. Merlin imesimama wima, silinda zikielekea juu, na mabomba yake hutokea juu, karibu na mgongo wa boneti. Kidevu kinene ulichokiona ni matokeo ya hilohilo: vifaa vya kuingizia hewa vya Merlin viko chini ya injini, ilhali Bf 109 huvuta hewa kupitia mdomo wa mviringo ulio ubavuni upande wa kushoto. Ongeza rafadha ya mapanga manne, wakati Bf 109 ina matatu, na shaka inakwisha. Sauti nayo inasaidia. Ukifumba macho, Buchón inaunguruma kama Spitfire, kwa sababu moyo wake ni uleule.

Tahadhari kuhusu mabawa inahusika hapa pia. Bf 109E ya mwaka 1940 ilikuwa na ncha za mraba na vijiti vya kutegemeza bawa la mkia, ilhali Bf 109F na G zilikuwa na ncha za mviringo bila vijiti. Kwa ajili ya ile filamu, Buchón zilikatwa ncha na kufungiwa vijiti vya bandia ili zifanane na Bf 109E. Kwa hiyo ncha za mraba na vijiti si uthibitisho wowote. Rudi kwenye mabomba ya moshi.

Napenda niongeze neno moja juu ya Mk V na Mk IX, kwa sababu tatizo la ndugu yetu liliwahi kuwa suala la kufa na kupona. Fw 190 ilipoingia vitani mwaka 1941, iliizidi Mk V kwa karibu kila kipimo isipokuwa kugeuka kwa duara dogo. Waingereza hawakuwa na muda wa kungoja toleo jipya likamilike, basi wakachukua bodi ya Mk V, wakairekebisha na kuifunga Merlin 61. Huo ndio mwanzo wa Mk IX, ambayo Kikosi cha 64 cha Hornchurch kilianza kuitumia vitani katikati ya mwaka 1942. Kwa kuwa ilitokana na bodi ileile, rubani wa Kijerumani aliyeiona kwa mbali hakuweza kujua kama anakabiliana na Mk V aliyoizoea au na ndege inayoweza kumfuata hadi juu kabisa. Pua iliyorefuka kidogo, panga moja la ziada na rejeta ya pili ndizo tofauti pekee, na hakuwa na dakika ya kuzitafuta.

Upande wa Waingereza wenyewe, utambuzi mbaya uliua mapema. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya nne ya vita, Spitfire za Kikosi cha 74 ziliangusha ndege mbili aina ya Hurricane, nazo za Uingereza, za Kikosi cha 56, na rubani Montague Hulton-Harrop akawa rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kufa katika vita hivyo, kwa risasi za wenzake. Baadaye Hawker Typhoon, ndege nyingine ya Uingereza, ilifananishwa na Fw 190 mara nyingi kiasi cha kulazimika kuchorwa mistari myeusi na myeupe chini ya mabawa. Ukiona leo mistari mipana ya aina hiyo kwenye mabawa na bodi ya Spitfire au ya Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, hiyo ni ya Juni 1944, iliyopakwa kwa ajili ya kutua Normandy, na inataja kipindi cha vita bila kutaja toleo la ndege.

Mkazi wa Sawston

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimerudi kwenye picha zangu. Ya kwanza ina mtutu mmoja mrefu uliochomoza kwenye kila bawa, kwa hiyo kwa maelezo ya Fundi Anga naiandika Mk V. Ya tatu mabomba yake ya moshi yako juu, nimekubali kuwa ni Buchón.

Naomba kuuliza zaidi juu ya zile zenye injini ya Griffon. Je, naweza kuitambua Griffon kabla haijafika karibu ya kutosha kuhesabu mapanga? Na hiyo PR XIX inatofautianaje na Mk XIV?

Fundi Anga

Unaweza, na mara nyingi sikio litakutangulia. Merlin ina ujazo wa lita 27, Griffon ina lita 36.7, zote zikiwa na silinda 12. Griffon hutoa mngurumo mzito zaidi, wa chini, usio na ule ulaini wa Merlin. Ukiisikiliza mara kadhaa ukiwa na hakika ya ndege uliyoitazama, utaanza kuitaja kabla haijatokea juu ya miti.

Kwa jicho, tazama pua. Pua ya Spitfire ya Griffon ni ndefu mno kwa bodi iliyobaki, na juu ya boneti kuna vimbe mbili ndefu, moja kila upande, zilizofunika vichwa vya silinda ambavyo havikuweza kutoshea ndani ya mstari wa zamani. Ukitazama kutoka mbele au ubavuni kwa juu, vimbe hizo huonekana vizuri. Pezi la mkia nalo lilipanuliwa ili kusawazisha nguvu iliyoongezeka.

Kuna alama nyingine ambayo wapigapicha wanaweza kuitumia. Griffon huzungusha rafadha kinyume na Merlin. Ukikaa kwenye kiti cha rubani, Merlin inazunguka kufuata mshale wa saa na Griffon inazunguka kinyume chake. Marubani waliotoka Mk IX kwenda Mk XIV walipaswa kujifunza upya namna ya kupaa, kwa sababu ndege iliyozoea kuvuta kushoto sasa ilivuta kulia, na aliyekanyaga pedali kwa mazoea alielekea nje ya njia. Kwenye picha iliyosimamisha mapanga, mpindo wa kila panga unakuonyesha mwelekeo wa mzunguko, hata kama mapanga mengine yamefichwa na ukungu wa picha.

Mk XIV na PR XIX zote zina mapanga matano, visanduku viwili vikubwa chini ya mabawa na gurudumu la mkia linaloingia ndani. PR XIX haikubeba silaha hata moja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga picha kutoka juu sana na kurudi salama, na nafasi ya mbele ya bawa ilijazwa mafuta. Ukingo wa bawa lake ni safi kabisa kutoka bodini hadi nchani. Kioo chake cha mbele nacho ni cha mviringo kisicho na kile kipande bapa cha kuzuia risasi, na nyuma ya chumba cha rubani kuna madirisha ya kamera. Coningsby wanazo mbili, PM631 na PS915. Mk XIV ina mizinga. Hata ikiwa katika hali ya maonyesho bila risasi, mitutu huachwa mahali pake.

Mwenzake wa zamani, PR XI, hana silaha vilevile, lakini ana Merlin, mapanga manne, na kidevu kilichovimba kidogo chini ya pua kwa sababu ya tangi kubwa la oili. Ukiona Spitfire ya buluu yenye kidevu, ni hiyo.

Kuhusu Mk VIII, ambayo hapa ni adimu, ukubali kwamba unahitaji kuiona ikiwa karibu. Inafanana na Mk IX kwa tumbo na rafadha, ila gurudumu lake la mkia huingia ndani, wakati la Mk IX hubaki linaning'inia muda wote wa safari. Huko Temora, New South Wales, Australia, wanaruka na Mk VIII pamoja na Mk XVI, na mtu anayetaka kuliona jambo hili kwa macho hana mahali pazuri zaidi. Mk XIV pia huficha gurudumu la mkia, kwa hiyo usilitumie peke yake. Anza na pua.

Dada wa Hamilton

Nawafuatilia kutoka Ontario, Kanada. Huku Spitfire ni chache na Mustang ndiyo tunayoiona zaidi, kwa hiyo naomba kuichangia, kwa sababu njia ileile ya kuanza na kisichobadilishwa inafaa pia.

Mustang ina rejeta moja kubwa chini ya tumbo, nyuma ya mabawa, katika matoleo yote, hivyo tumbo halitatusaidia. Tazama mgongo na pua. P-51A (P-51 ndilo jina rasmi la Mustang) na ndugu zake wa mwanzo walikuwa na injini ya Allison, rafadha ya mapanga matatu, na mdomo wa kuvutia hewa uliokaa juu ya pua, mbele ya macho ya rubani. P-51B na P-51C zilipewa Merlin ya Packard, mapanga manne, na mdomo wa hewa ukahamia chini ya koni ya rafadha. Mgongo wao bado ni wa juu na kifuniko cha rubani kina fremu nyingi. P-51D, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote zilizonusurika, ina kifuniko cha tone la maji, mgongo ulioshushwa na bunduki tatu kwenye kila bawa badala ya mbili. Tofauti ya B na C haionekani kwa jicho: B zilijengwa Inglewood, California, na C zilijengwa Dallas, Texas.

P-51K nayo ilijengwa Dallas na ilitofautiana na D hasa kwa rafadha ya Aeroproducts, lakini Mustang nyingi za leo zimefungwa rafadha ya Hamilton Standard bila kujali zilizaliwa vipi. Basi hata alama ambayo kitabu kinaitaja kwa uhakika inaweza kuwa ilishaondolewa miaka 50 iliyopita. Vilevile ukiona P-51D yenye pezi la mkia refu kupita kawaida, usikimbilie kuiita P-51H. Kampuni ya Cavalier ya Florida ilizijenga upya Mustang nyingi baada ya vita na kuziongezea urefu wa pezi. P-51H halisi ilikuwa na bodi refu zaidi, na ni adimu mno angani.

Kwa Hurricane, jihadharini na zile zilizojengwa Kanada. Kiwanda cha Canadian Car and Foundry cha Fort William, ambako mhandisi Elsie MacGill alisimamia kazi hiyo, kilitoa zaidi ya 1,400, na kadhaa kati ya Hurricane zinazoruka leo zina asili hiyo hata zikiwa zimepakwa alama za Kiingereza za mwaka 1940. Silaha ndiyo alama rahisi, kwani Mk IIC ina mizinga minne inayoonekana kutoka mbali, ila silaha nazo huondolewa na kurudishwa.

Mpigapicha wa Lincoln

Dada amegusa jambo ambalo Uingereza lina ufumbuzi wake. Ndege hizi zinazomilikiwa na raia zina usajili wa kiraia wenye herufi zinazoanza na G, lakini zinaruhusiwa kuruka zikionyesha namba za kijeshi peke yake. Daftari la usajili liko wazi kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, na humo utapata aina ya ndege pamoja na namba ya bodi. Nyingi pia hutuma mawimbi ya utambulisho, na programu za kufuatilia safari za ndege zitakuonyesha herufi hizo wakati ndege iko juu yako. Si zote zinazofanya hivyo, wala si kila siku.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa ndege yako ya pili umeiona? Katika picha ya ubavuni huwa mbele ya mkia, imeandikwa ndogo, herufi mbili zikifuatwa na tarakimu tatu. Zile herufi kubwa zilizo pande mbili za duara la rangi ni za kikosi na za ndege yenyewe ndani ya kikosi, nazo hubadilika na rangi.

Mkazi wa Sawston

Naiona kwa shida, kwani jua lilikuwa nyuma yake. Herufi zinasomeka, tarakimu ya mwisho haisomeki.

Mpigapicha wa Lincoln

Basi tuma picha yenyewe bila kuipunguza, na kama unayo ile iliyofuata ikiwa inageuka, itume pia.  Ukitaka tumbo lenye mwanga, simama upande wa kusini wa uwanja mchana, jua likiwa mgongoni mwako. Siku ya upepo wa magharibi ndege hupaa zikielekea huko, na zinapogeuka kurudi utapata sekunde tano au sita ambazo rejeta zote mbili, mitutu na gurudumu la mkia vitakuwa mbele yako kwa pamoja.